Mita Kumi na Saba za Heshima

Asubuhi ile mchumba wangu alinipa sharti moja tu: nisipaze sauti.

"Leo yote," aliniambia mlangoni, huku akinifunga upya kifungo cha shati ambacho nilikuwa nimeshakifunga vizuri mwenyewe. "Ata nini ifike. Maman anarudia Lubumbashi mardi. Ukipiga makelele leo, bon, njo tumemaliza."

Nikamjibu kwamba mimi si mtoto wa kufundishwa adabu. Nilimjibu kwa sauti ya juu kidogo. Akanitazama, nikanyamaza.

Sina budi kukiri: mimi nina hasira za karibu. Hazikai, lakini zikija zinakuja na mdomo. Mchumba wangu alilijua hilo na akanipenda nalo. Mama yake hakulijua, na sisi wawili tulimwomba Mungu mama asilijue mpaka ndege ya Jumanne ipae.

Mama alikuwa amekuja Bruseli kwa viza ya mwezi mmoja, kunitazama. Kwenye karatasi za ubalozi yaliandikwa mambo mengine, lakini kazi iliyomleta ni hiyo. Baba wa mchumba wangu alikwishafariki, na wajomba walikuwa wamepokea barua yangu ya kwanza wakajibu kwamba wao watafuata neno la mama. Akirudi na ndiyo, ndoa ipo. Akirudi na hapana, basi, kwa sababu mchumba wangu hakuwa mtu wa kuolewa bila baraka ya mama yake. Aliniambia wazi tangu mwanzo, na nilimheshimu kwa hilo. Wiki tatu zilikuwa zimepita. Mama hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Mimi mwenyewe hakuwa ameniambia hata neno moja.

Hilo la kutosemeshwa halikunishangaza. Katika ukoo wao, kama katika ukoo wetu kule Likasi, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hukai naye benchi moja. Huli mbele yake. Humgusi. Mkikutana njiani, wewe unampisha. Akiwa na neno nawe anamtuma mtu, nawe ukiwa na neno naye unamtuma mtu. Kumpazia sauti ndiyo usiseme; afadhali ukaibe sadaka kanisani. Kwenye nyumba yenye ua mpana na milango miwili, desturi hii ni raha tupu, kila mtu anapumua. Kwenye chumba na sebule, ghorofa ya tatu, Saint-Gilles, ni mazoezi ya viungo. Kila jioni nilienda kusalimu nyumbani kwa mchumba wangu, na kila jioni nilikula jikoni nimesimama, mgongo umeegemea friji. Mama akitoka bafuni, mimi nageukia ukuta. Siku moja tulikutana kwenye ngazi, yeye anapanda na mimi nashuka, nikarudi juu kinyumenyume ghorofa mbili nzima ili nimpishe, nikachelewa kazini.

Kazi yangu ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali kubwa kule Jette. Watu hudhani ni kazi ya misuli. Si misuli. Kitanda chenye mtu, dripu na mashine pembeni ni kirefu, ni kizito, na ukikigeuza mbele, nyuma yake inakwenda inakotaka. Lazima uanze kugeuza kabla ya kona, na uanze kusimama kabla ya mlango. Mimi nilikuwa hodari. Siku moja muuguzi mmoja, mama wa Kiholanzi aliyekaribia kustaafu, aliniona nikiingiza kitanda kwenye lifti bila kugusa ukuta, akaniuliza Jumamosi nina shughuli gani.

Alikuwa na boti. Si boti ya kifahari: ni zile nyembamba ambazo Waingereza walizitengeneza kwa mifereji yao midogo, chuma kitupu, upana mita mbili na kidogo, urefu mita kumi na saba. Ndani yake mna vitanda, jiko, meza, vyote vimepangwa mstari mmoja kama ndani ya treni. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wameizungusha kwenye mifereji ya kwao Uholanzi miaka mingi, na alipobaki peke yake akaileta Bruseli, akaifunga Anderlecht. Inaendeshwa kutoka nyuma, umesimama wima, mti wa usukani uko kwapani, na pua ya boti iko mbali mbele yako. Ukigeuza, unasubiri. Mara ya kwanza aliponiachia usukani nilicheka peke yangu kwa sauti. Kilikuwa kitanda! Kitanda kikubwa kuliko vyote, na korido ya maji isiyo na mwisho! Kwa majira mawili ya joto sikukosa Jumamosi hata moja.

Ndiyo maana mchumba wangu akapata wazo. "Maman hajakuona ukifanya kitu," akasema. "Anakuona tu unageukia ukuta. Akuone ku kazi unaijua."

Mimi nikapiga hesabu yangu. Mama akae mbele kwenye kibaraza cha puani, mimi nyuma kwenye usukani. Mita kumi na saba! Hakuna nyumba ya mtu wa kipato chetu, Bruseli nzima, iliyokuwa na nafasi kama hiyo kati ya mkwe na mkwe.

Mama alifika gatini amevaa liputa, kitenge cha maua makubwa ya njano, kitambaa cha kichwa cha namna hiyo hiyo, na juu yake koti la baridi, mwezi wa saba. Mkononi alikuwa na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, iliyofungwa ndani ya taulo. Akaitazama boti kutoka puani mpaka nyuma, akaniruka mimi, akaendelea.

"Umuulize bwana yako," akamwambia binti yake, "iko na permis?"

Mimi, niliyeulizwa leseni, nilikuwa hatua tano kutoka hapo.

"Maman anauliza iko na permis."

"Umuambie maman kama mwenye mashua njo iko na permis," nikajibu, nikiyatazama maji. "Mimi ninaongoza tu, aye anasimamia."

"Amesema mwenye mashua njo iko nayo."

"Nimesikia," mama akasema, akapanda.

Tukang'oa nanga. Jamani, sijui niwaelezeje asubuhi ile. Mji ambao nilikuwa nikiuvuka kila siku chini ya ardhi, uso kwenye kwapa la mtu, sasa ulikuwa unanipita pole pole, juu yangu. Tulipita nyuma ya soko la machinjioni tukasikia wauzaji wakinadi matikiti. Tukapita chini ya madaraja, na kila daraja sauti ya injini ilitufuata ndani kisha ikatuacha. Waendesha baiskeli walitupungia mikono. Meli moja ya mizigo, imebeba mchanga mpaka maji yanataka kuingia, ilikuja mbele yetu, ikaziba nusu ya mfereji. Nikaanza kusogea kulia mapema, taratibu, kama kwenye korido ya upasuaji, na ikatupita karibu kiasi cha kuigusa kwa mkono. Kule mbele niliona kitambaa cha njano kikigeuka kuitazama meli, kisha kikanigeukia mimi. Nikageukia ukingo, kwa heshima.

Kutoka Anderlecht kwenda Halle mfereji unapanda, na boti haipandi mlima yenyewe. Kwa hiyo pana malango, manne. Lango ni chumba cha saruji chenye milango ya chuma mbele na nyuma. Unaingia chini, mlango unafungwa nyuma yako, maji yanamwagwa ndani na yanakuinua, mita tatu na zaidi, mpaka unatokea juu kwenye jua. Ukirudi ni kinyume: unaingia juu, maji yanatolewa, unashuka baina ya kuta zenye utelezi. Wakati huo wote boti inashikwa kwa kamba mbili, moja mbele, moja nyuma. Kamba inapita kwenye nguzo ya ukingoni na ncha yake inarudi mkononi mwako. Unaishika. Huifungi. Hiyo ni sheria ya kwanza, na Mholanzi wangu aliirudia kila Jumamosi kama sala: unaishika, huifungi, kwa sababu maji yanatembea na kamba lazima itembee nayo.

Mwenyewe alichukua kamba ya mbele. Mchumba wangu akachukua ya nyuma, karibu yangu, kama tulivyozoea. Mama alikuja kusimama kwenye mlango wa nyuma wa boti kutazama. Kwenye lango la kwanza hakusema kitu. La pili alikunja uso. La tatu akashindwa kuvumilia.

"Ile kamba hamuifunge?"

"Hapana, maman, tunaishika tu."

"Munaishika tu." Akaguna. "Ni uvivu."

Mlijue jambo moja kuhusu mama huyu. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu kati ya Kasenga na Lubumbashi. Alipakia malori mwenyewe, akapanda juu ya mizigo mwenyewe, na kufunga kamba alikuwa hamwachii mwanamume yeyote. Mchumba wangu alinisimulia kwamba madereva walimpigania, kwa kuwa mzigo wake haukuwahi kuanguka, barabara iwe na mashimo ya kumeza ng'ombe. Katika mkono wa kushoto vidole vyake viwili viliishia katikati. Niliviona siku ya kwanza, alipokuwa akimenya ndizi. Sikuuliza. Ningemuuliza nani, na kwa kupitia nani?

Halle tulifika mchana, tukafunga boti, na wanawake watatu wakaenda kanisani, kwani katika basilika ya pale yupo Bikira Maria mweusi, mweusi kweli kweli, na mama alikuwa amesikia habari zake tangu Lubumbashi. Alikaa humo karibu saa nzima. Mimi nilikula sombe yangu nyuma ya boti, nimewapa mgongo wote, hata wasiokuwepo. Waliporudi nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa wiki tatu: mama anacheka. Mchumba wangu akaja mbio kwenye usukani, akaninong'oneza.

"Amesema unaendesha muzuri. Amesema, 'Hapigi chuma ku ukuta.' Njo vile amesema!"

Nusura nipige yowe. Nikakumbuka sharti, nikaubana mti wa usukani kwa mikono miwili. Hapigi chuma kwenye ukuta! Kwa mama yule hiyo ilikuwa nusu ya ndiyo. Zilibaki saa nne na malango manne, yote ya kushuka, na mimi ni kunyamaza tu.

Lango la kwanza la kurudi tuliingia vizuri. Mlango ukafungwa nyuma yetu. Mchumba wangu alipitisha kamba kwenye nguzo ya juu, na ghafla harufu ya kuungua ikatoka ndani. Sombe iliyobaki ilikuwa jikoni inapashwa moto. "Maman, unishikie kidogo," akasema, akampa mama yake ncha ya kamba, akashuka ndani.

Na mama, kwa kuwa ni mtu wa kusaidia, na kwa kuwa alikuwa ameona uvivu wetu asubuhi nzima, akaifunga. Kulikuwa na kigingi cha chuma pembeni ya boti. Alizungusha kamba pale, akavuta, akapitisha, akakaza kwa goti, fundo la kushikilia tani tano za samaki mpaka Lubumbashi. Kisha akalipigapiga kwa kiganja, ameridhika.

Mimi nilikuwa nikimtazama. Niliona yote, mwanzo mpaka mwisho, na sikusema kitu. Nawaapia, mdomo ulikataa. Nilichofanya ni kumwita mchumba wangu. "Chérie," nikasema, kwa upole, nimeinamia mlangoni. "Chérie, kuja kidogo umuambie maman..." Injini inanguruma, sufuria zinagongana. Hakusikia. "Chérie." Maji yalikuwa yameanza kutoka.

Kamba ikakazika. Kwanza ikakamua maji, matone matone, kisha ikaanza kulia. Boti ikainama upande wa kamba. Mbele inashuka, nyuma imening'inia ukutani. Vikombe vikaanza kuteleza ndani. Mama akaona kuna jambo, akafanya alichofanya maisha yake yote mzigo ukicheza: akainama na kutia mkono wa kulia kati ya kamba na chuma, aikaze zaidi.

"TOKA!" nikapiga kelele. "Toa mukono! Toka pale, we mwanamuke, unataka kufa?"

Sikungoja ajibu. Nilimshika mabega kwa mikono yangu yote miwili, nikamvuta nyuma, akakaa kwa kishindo juu ya sanduku la makaa. Kisu cha kamba kilikuwa kinaning'inia chini ya usukani, mahali Mholanzi alipokitundika kwa siku kama hiyo. Nikakata. Kamba ikapasuka kwa mlio wa bunduki, ncha yake ikapita hewani pale pale alipokuwa ameinama, na boti ikaanguka majini, ikayumba mara tatu na kutulia. Msimamizi wa lango alifunga maji, akabwata kitu kwa Kiflemi kwenye kipaza sauti. Kutoka mlangoni akachomoza mchumba wangu, sombe kifuani mpaka shingoni.

Akamtazama mama yake aliyekaa juu ya makaa, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande. Akanitazama mimi na kisu changu.

"Uliahidi," akasema.

Mama aliinuka, akajipangusa, akaingia ndani. Akakaa dirishani, uso nje.

Nilikuwa nimemwita mama mkwe wangu we mwanamke. Nilikuwa nimemgusa. Malango mawili yaliyofuata sikumbuki tulivyoyapita. Mholanzi alitoa kamba nyingine, akajaribu kufungua lile fundo kwenye kigingi, akashindwa, akaliacha. Mchumba wangu alishika kamba ya nyuma akiwa hanitazami, machozi yanamtoka, na mimi hasira zilinishika: juu ya kamba, juu ya sombe, juu ya desturi, na zaidi juu ya mdomo wangu, kwanza ulipokataa kufunguka na kisha ulipofunguka. Hata hivyo sikuweza kujuta. Nilijaribu kwa moyo wote, nikashindwa. Nilikuwa nimeuona ule mkono ulipokuwa.

Lilibaki lango la mwisho, la Anderlecht. Tulipokuwa tunaingia, mlango wa ndani ulifunguka na mama akatoka, kitambaa kimefungwa upya. Hakwenda mbele. Alikuja mpaka kwangu, akasimama kando yangu, akachukua kamba kutoka mikononi mwa binti yake.

"Weye," akasema.

Nikageuka kumtafuta mchumba wangu apokee neno.

"Hapana kuangalia kule. Ni weye nasemesha. Ile kamba inashikwa namna gani?"

Nikamweleza, macho kwenye viatu vyangu. Kwamba hafungi. Kwamba anaachilia kidogo kidogo, na mimi nitamwambia.

"Utaniambia na sauti gani?"

Akauinua mkono wa kushoto mbele ya uso wangu, nikalazimika kuviona vile vidole.

"Nilikuwa na mukwe wa kwanza. Bwana ya yaya yake na huyu." Akamwonyesha mchumba wangu kwa kidevu; mume wa dada yake mkubwa, basi. "Ule njo mutu wa heshima. Siku moja tunafunga kamioni, kamba ikanikamata mukono. Aliona. Alikuwa karibu, sawa weye hapa. Mais, ataniambia namna gani, mimi mukwe wake? Donc alikimbia kutafuta mutu wa kuniambia."

Maji yalikuwa bado hayajaanza kushuka.

"Alikimbia mbio kabisa," mama akasema. "Akarudia na muke wake. Vidole vilikuwa chini."

Sikujua nilie au nicheke. Mama akacheka yeye kwanza, cheko lile lile la Halle, mpaka sanduku la makaa akalishikilia.

"Mungu amubariki, iko na heshima mpaka leo! Bon. Maji inaanza kushuka, mukwe. Sema."

Mukwe. Aliniita hivyo, mbele ya binti yake, kwa mdomo wake mwenyewe. Mchumba wangu, na sombe yake iliyomkaukia kifuani, aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Achilia kidogo, maman," nikasema.

"Sisikie."

"Achilia, maman."

"Moteur inalia. Sisikie!"

"ACHILIA!" nikapiga kelele, na kuta za lango zikanirudishia, na msimamizi akatoa kichwa dirishani. "Achilia, maman! Tena! Tena! Njo vile!"

Na kamba ikapita katika mikono yake taratibu, bila kulia, ikatushusha mpaka chini.

Jioni ile, Saint-Gilles, nilikula nimekaa.